Kutwa moja Rungwe, natafuta umri wa wazee

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, Mbeya, haihitaji kengele ya simu. Kwanza chaji: umeme ulirudi usiku wa manane, kwa hiyo kishikwambi kimejaa. Betri za mashine ya presha nazo natembea na za akiba. Mimi ni mdadisi katika utafiti wa afya ya wazee wa miaka 60 na kuendelea. Kazi ni kupima presha, nguvu za mkono, mwendo na kumbukumbu. Watu hudhani vipimo ndiyo kazi ngumu, kumbe ngumu ni kujua umri.

Saa 1 asubuhi. Bodaboda, migomba, mashamba ya chai, manyunyu. Rungwe hiyo.

Saa 2. Ofisi ya kijiji. Mtendaji anasoma barua ya utambulisho hadi mhuri wa mwisho, kisha anampigia mwenyekiti wa kitongoji aje atuongoze. Usipoongozana naye, watu wanakuona wa mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, na nyumba zote zinakuwa "wenyewe hawapo".

Saa 3. Mzee wa kwanza yuko barazani, amevaa koti la suti na kandambili. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu, keti." Ridhaa nimeisoma kwa Kiswahili, mwenyekiti akairudia kwa Kinyakyusa, kidole gumba kikawekwa. Swali linalofuata ndilo litakalotuweka hapa karibu saa nzima: babu, umezaliwa mwaka gani?

Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1940. Tarehe 1 Julai na 1 Januari nikiziona hushtuka, maana mara nyingi ni za mtu ambaye siku yake haikujulikana, ikabidi karani ajaze chochote. Basi naweka kitambulisho pembeni, nafungua kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa na miaka yake. Uhuru, Desemba 1961, ulikuwa wapi? "Nachunga ndama wa baba." Mtu wa miaka 21 achunge ndama? Azimio la Arusha, 1967? Alikuwa anaimba kwaya, hajaoa. Reli ya Wachina? Hapo uso unachangamka: alifanya kibarua cha kubeba mawe, pesa yake ya kwanza akanunulia redio. Reli hiyo, TAZARA, ilijengwa kati ya 1970 na 1975.

Kisha nauliza marika. Hapa kwa Wanyakyusa hilo lina uzito, kwa sababu zamani vijana wa rika moja walihama kwa wazazi wakajenga kijiji chao wenyewe, kwa hiyo mzee anaweza kusahau mwaka lakini hasahau alihama na nani. Anamtaja jirani wa rika lake. Mwenyekiti anatuma mtoto, na jirani anakuja na kadi yake ya ubatizo imefungwa kwenye nailoni. Wamoravian, wa kanisa la wamisionari, wapo Rungwe tangu 1891, na karatasi zao zimeniokoa mara nyingi kuliko za serikali. Kadi inasema 1951.

Kwa hiyo babu naye ni wa karibu 1951, si 1940. Kwake haina tofauti, matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza ni kuanzia 60 na ameshapita hapo kitambo. Kwenye takwimu ni balaa. Akitembea mita nne bila kuyumba kama mtu wa 1940, anaonekana shujaa. Kama mtu wa 1951, ni mzee wa kawaida mwenye magoti mazuri. Jumlisha wa aina yake mia chache, unapata kijiji cha wazee wasiozeeka, na mtu anaandika makala kuhusu siri ya ndizi na maziwa ya mgando.

Saa 5. Bibi, mjane. Anapumzika dakika tano, mkono juu ya meza, hakuna kuongea, presha inapimwa mara tatu. Wastani wa mbili za mwisho ni 188 kwa 104. Dawa anazo ndani ya kopo la chai. Anameza "ikipanda", yaani kichwa kikiuma. Namweleza kwamba presha kwa kawaida haipigi hodi, namwandikia rufaa ya zahanati, na namwomba mjukuu aandamane naye leo hii.

Saa 6. Mzee mwenye kiharusi cha zamani. Dodoso linauliza nani humsaidia kuoga, na chaguo mojawapo ni mkwe. Mwenyekiti anacheka hadi anashika ukuta. Kwa mila ya hapa mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hata njiani zamani alimkwepa, na wazee bado wanaishika. Anayemwogesha ni mjukuu wa kiume, akitoka shule. Sehemu ya maoni imejaa.

Saa 7. Ndizi na maharage, chai ya rangi.

Saa 8 mchana. Kumbukumbu. Vipimo vingi vilivyotoka nje huanza na "leo ni tarehe ngapi?" na kutoa saba kutoka mia. Bibi ninayempima sasa hajasoma darasa hata moja, lakini anajua ng'ombe wake atazaa lini. Kumfelisha kwa tarehe ni uonevu, kwa maoni yangu. Nafuu ni kipimo kilichotengenezwa Hai, Kilimanjaro, kwa wasiosoma: kukumbuka maneno kumi, kutaja wanyama kwa dakika moja, kupanga njiti za kiberiti. Wanyama anawataja hadi nachoka kuhesabu. Hukohuko Hai utafiti ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na namba kama hiyo inasimama tu ikiwa hao sabini ni sabini kweli.

Saa 2 usiku. Mtandao umekubali, data zimepanda. Msimamizi anapiga: fomu za mwenzangu wa kitongoji cha pili zina umri 65, 70, 70, 80, 75, 80. Hakuna hata 73. Wazee wote wa Rungwe hawawezi kuzaliwa kwa mitano mitano. Tumekubaliana kesho tuanzie kwa mchungaji, tuombe kuangalia daftari la ubatizo, kisha turudi nyumba kwa nyumba na kalenda. Mchungaji amesema tuje saa 4, kabla ya hapo ana maziko.