Kava la taa ya ndani

Kava la taa ya darini kwenye Peugeot 504 ya marehemu baba lilikuwa limegeuka rangi ya chai iliyochacha. Sishangai. Gari limeanikwa miaka uani kwetu Kizota, na jua la Dodoma mnalijua, plastiki linaikausha mpaka inakatika kama kashata.

Ila jua halikuwa peke yake. Katikati palikuwa na kovu limebonyea, limeungua. Kumbe kuna fundi aliweka balbu ya wati nyingi kuliko inavyotakiwa. Balbu zenyewe ni zile nyembamba zenye ncha mbili za chuma, na joto lake lote linapanda kwenye kava. Nimerudisha ya wati 5.

Kava nimelipata Majengo kwenye spea za mtumba, shilingi 8,000 baada ya kubishana sana. Lilikuwa na vumbi tu, sabuni ikalimaliza. Kabla ya kulipachika nilililoweka kwenye maji ya uvuguvugu, vishikizo vilainike kidogo. La zamani nililing'oa kwa bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa, taratibu, upande mmoja kwanza. Betri nilishaichomoa, maana ncha ya bisibisi ikigusa palipo na umeme, fyuzi imekwenda.

Likaingia. Tak!

Usiku mama akafungua mlango, taa ikawaka nyeupe. Akachungulia ndani, akasema, "Mwanangu, kumbe viti vichafu hivi?"