Lango la mita 6 na jua la Vorash

Jumamosi mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alinikuta narudia Stargate SG-1, tamthilia ya runinga ya watu wanaosafiri kati ya sayari kwa kupita kwenye lango, ile sehemu ya 2001 iitwayo Exodus. Meja Carter anafungua lango kuelekea sayari inayomezwa na shimo jeusi, kisha lango lenyewe linatupwa ndani ya jua la sayari ya Vorash ili jua hilo lilipuke na kuteketeza meli za adui yao, Apophis. Dogo akasimamisha picha.

"Mjomba, hii inawezekana kweli?"

Nikataka kusema hapana, bonyeza tuendelee. Lakini hoja ya Carter si ya kipuuzi. Nyota iko kwenye mizani: uzito wake unaikandamiza, joto la kiini linasukuma nje. Ukichota maada ya kutosha, mizani inayumba. Hadi hapo niko naye. Shida ni upana wa bomba.

Tukafungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake la fizikia. Lango tukalipa upana wa mita 6. Tukaliweka mahali pa neema kabisa, katikati ya nyota kama jua letu, ambako mita moja ya ujazo ina tani 150, na gesi tukaiacha imiminike kwa kasi ya sauti ya huko, takriban kilomita 500 kwa sekunde. Zikapita tani bilioni 2 kila sekunde. Dogo akapiga mluzi. Nikamwambia ngoja kwanza, gawanya uzito wa jua zima kwa hiyo. Miaka bilioni 30! Ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8. Hata Apophis, na lile jeneza lake la kumrudishia uhai, asingesubiri.

Halafu, nyota ukiipunguzia uzito inapoa, moto wake unafifia. Zinazolipuka zenyewe ni majitu, kuanzia kama mara 8 ya jua letu: kiini kikishageuka chuma hakina tena cha kuchoma, kinaporomoka chini ya sekunde moja. Vipo pia vibete vyeupe, yaani mabaki mazito ya nyota zilizozimika, ila hivyo hulipuka kwa kuongezewa mzigo kutoka kwa nyota jirani. Carter alikuwa anachota pale alipotakiwa kumimina.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlipuko wa kweli una mchezo mzuri kuliko ule wa kwenye runinga. Februari 1987, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Urusi ya Kisovieti ilinasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, kama dazeni mbili hivi, saa kadhaa kabla ya mwanga wa nyota iliyokuwa ikilipuka kuonekana. Kiini kilikuwa kimeshaporomoka, uso wa nyota bado haujapata habari.

"Kwa hiyo unaliangalia jua liko shwari, kumbe ndani limeshakufa?"

"Ndiyo hivyo, mjomba."

Akakaa kimya kidogo, akabonyeza. Jua la Vorash likapasuka kwa kishindo, huko angani kusiko na hewa, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka.