Simu isilale chumba kimoja na mtoto wa shule

Wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha hapa Dar es Salaam, wakiulizwa kwa nini mtoto anasinzia darasani, wengi hutaja foleni na basi la shule linalompitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, basi huamua saa ya kuamka tu. Saa ya kulala huamuliwa nyumbani, na siku hizi mwamuzi mkubwa ni simu.

Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja analazimika basi kuwa amelala saa mbili usiku, wakati ambao katika nyumba nyingi chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa. Akijifunika shuka ndani ya chandarua na simu ya mama, sauti ameizima, huku katuni moja ikiisha na nyingine ikianza yenyewe hadi saa tano, atakuwa amejibakizia saa sita.

Mwanga wa kioo una sehemu yake. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mwanga, hasa wa samawati, huizuia. Isitoshe, mboni za watoto ni pana na lenzi za macho yao ni angavu kuliko zetu. Lakini naona tunaung'ang'ania mno mwanga, tukadhani kwamba kukigeuza kioo kiwe cha manjano kunamaliza kazi. Gemu ambalo mtoto amebakiza hatua moja alishinde humwacha macho makavu hata baada ya simu kuzimwa.

Mwaka huohuo wa 2016, Ben Carter wa King's College London na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 20 zilizohusu watoto zaidi ya 125,000. Waliotumia simu na vishikwambi karibu na muda wa kulala walielekea zaidi kulala pungufu na kusinzia mchana. Uchambuzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo pekee, lakini jambo moja lilinishtua: hata kifaa kilichokuwapo tu chumbani, bila kutumiwa, kiliambatana na usingizi mbovu.

Ndiyo maana nawasihi wazazi simu na vishikwambi vichajiwe chumbani kwao kuanzia saa moja usiku. Anayeitegemea simu kumwamshia mtoto anaweza kununua saa ya mezani yenye kengele. Nasi walimu tuna la kufanya, kwa sababu kazi ya nyumbani inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa saa tatu usiku humpa mtoto sababu halali ya kushika simu wakati anapaswa kuwa kitandani. Nimewaomba wenzangu tuiandike ubaoni, watoto wainakili kwenye madaftari kabla ya kengele ya kuondoka.