Matarumbeta, sanamu na barabara: sherehe inavyogeuka maandamano

Matarumbeta ya harusi hapa Moshi, yale yanayopakiwa nyuma ya pikapu na kuwafanya madereva wa daladala wafyonze, yana undugu na siasa. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride za kijeshi. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890: vijana walishona sare, wakajipa vyeo vya jeshi la mkoloni, wakapiga gwaride mitaani, vikundi viwili hasimu, Marini kwa Arinoti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza wakaitilia shaka, na sioni ajabu. Anayejua kuchangisha fedha, kugawa vyeo na kupanga watu mstari anaweza kupanga na mgomo. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU mwaka 1955, alipitia humohumo kwenye vikundi vya ngoma.

London nako, Julai 1996, Reclaim the Streets, kundi la wapinga utawala wa magari barabarani, lilifunga barabara kuu ya M41 kwa dansi. Sanamu za wanawake wenye magauni mapana zilipita katikati ya watu. Chini ya magauni kulikuwa na watu wanatoboa lami kwa mashine na kupanda miti. Muziki ulimeza kelele za mashine.

Sanamu ya namna hiyo haihitaji fedha nyingi. Pasua mianzi, funga kiunzi kwa vipande vya tyubu. Waya humchoma mbebaji. Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji, kijiko cha chumvi, koroga motoni mpaka madonge yaishe. Chana magazeti, bandika tabaka nne, kila moja likauke kabisa kabla ya linalofuata. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabandika zote siku moja, juu kunakauka, ndani kunaota kuvu, pua inadondoka njiani. Masika anika jikoni, kisha paka rangi ya mafuta. Uzito usizidi kilo 10, na pima urefu kwa nyaya za umeme za njia mtakayopita, si kwa dari ya ukumbi.

Tundu la kuonea liwe kifuani mwa sanamu. Wabebaji wapokezane kila robo saa, maana anayechoka huinamisha kichwa, na sura iliyochorwa kumkejeli mkubwa inaonekana inamsujudia.

Bendi isitangulie mbele kabisa. Iweke katikati, la sivyo nyuma wataanzisha wimbo wao na msafara utakatika vipande viwili. Taarifa ya maandishi ifike polisi saa 48 kabla.

Kumaliza ndiko kugumu. Ukizima muziki ghafla kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, watu wanabaki wamesimama, wanatazamana na askari, na jiwe la kwanza halikawii. Bendi iendelee kupiga huku inateremka kuelekea stendi. Watu wataifuata, na mmojammoja watadandia daladala zao.