Mbeya ya 1986 na dogo wa bajaji

Jumamosi iliyopita nilipanda bajaji pale Kabwe naelekea Iyunga, dereva dogo wa miaka ishirini hivi, mchangamfu, story haziishi. Tulipofika kwenye yale magodauni marefu yenye mabati yaliyoshika kutu akaniuliza, "Anko, ivi haya majumba yalikuwaga ya nini?" Nikamwambia hapa ndo viwandani. Akasema, "Viwanda vya nini tena, Mbeya si watu wa kulima tu sisi?"

Aisee lile neno lilinikaa kifuani mpaka nafika nyumbani. Sikumlaumu, maana nani alimwambia? Shuleni hawafundishi hiyo, wazee wanaojua wengine tumeshawazika, na waliobaki hakuna anayewauliza. Ndo maana nimekaa kuandika hapa, nisamehewe kama itakuwa ndefu.

Mimi wa 1979, kwa hiyo 1986 nilikuwa na miaka saba, na ule mwaka kwetu una uzito wake. Tukuyu Stars, timu ya mpira tuliyoiita Banyambala, walipanda ligi kuu na mwaka huo huo wakawa mabingwa wa Tanzania Bara. Timu ya Tukuyu jamani! Sio Dar, Tukuyu kwenye mvua na migomba. Mwaka huo huo TAZARA, reli yetu na Zambia, ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo, na mpaka leo haijawahi kufika tena huko. Na mwaka huo huo ndo kikaanza Chuo cha Ufundi Mbeya, kwa msaada wa Wasovieti, hiki ambacho sa hizi ni chuo kikuu tunakiita MUST. Yaani ukiangalia kwa macho ya mtoto wa miaka saba, Mbeya ilikuwa inaenda mbinguni.

Na kweli tulikuwa tunatengeneza vitu. Kulikuwa na ZZK, Zana za Kilimo, inatoa majembe na plau. Kulikuwa na kiwanda cha nguo, Mbeyatex. Kule Songwe saruji, ambayo namshukuru Mungu bado ipo, mfuko wa Tembo bado unajenga nyumba za watu. Ukienda upande wa Iringa, kule Mgololo Mufindi, kiwanda cha karatasi kikaanza miaka hiyo hiyo ya themanini kikitumia miti ya Sao Hill. Na havikuwekwa huku kwa bahati. Mwaka 1975 serikali ilikuja na mpango wa viwanda vya msingi, kwamba nchi ianze na vitu inavyovihitaji yenyewe kabla ya kuwaza vya kuuza nje, sasa jembe utalitengenezea wapi kama sio huku ambako Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa ndo zinalisha nchi mahindi? Reli ya TAZARA ilikuwepo tayari, ilikabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Kila kitu kilikuwa kinashikana.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimojawapo, jina naliacha. Alikuwa na ovaroli mbili za bluu, moja mwilini moja kwenye kamba, na mama hakuruhusu mtu kuzigusa. King'ora kikilia asubuhi mtaa mzima ulijua ni saa ngapi hata asiye na saa. Kilichonibakia sana lakini ni namna baba alivyokuwa anatembea. Akitoka shifti alikuwa anapita katikati ya barabara ya mtaa, taratibu, anasalimia kila nyumba, na watu wanamwita kwa kazi yake, "Fundi, za kazi?" Hakuwa tajiri, tulikula viazi kama wengine, ila alikuwa anajua yeye ni nani mjini hapa. Kiwanda kilipofungwa alianza kupita nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemfukuza barabarani, ni yeye tu. Niko mtu mzima sasa na bado hicho ndo kitu kinaniuma kuliko hela iliyopotea.

Sasa kwanini vilikufa. Baba yangu mdogo, ambaye namheshimu sana na tumebishana naye miaka mingi, anasema vile viwanda vilikuwa mzigo, vinakula hela ya serikali, mashine zinafanya kazi nusu ya uwezo wake, wafanyakazi wengi kuliko kazi. Kuna ukweli hapo siwezi kukataa. Spea zilikuwa zinatoka nje na fedha za kigeni hakuna, tulitoka vita ya Uganda 1979 mfuko umetoboka, mafuta nayo yakapanda bei mwaka huo huo. Baba mwenyewe alikuwa anasimulia mashine inasimama miezi kwa sababu ya kifaa kimoja cha kukaa kiganjani, wao wanachonga cha kwao usiku inatembea wiki mbili, inasimama tena. Afu 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, ikaja mitumba, na 1986, ule mwaka wetu mzuri, ndo serikali ikakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Ruzuku zikaanza kukatwa, shilingi ikashuka, na 1992 ikaundwa tume ya kubinafsisha mashirika ya umma. Kitambaa cha Mbeya kingeshindana vipi na shati la mtumba?

Ninachombishia baba mdogo ni kimoja. Anahesabu hasara ya shirika tu. Mtu aliyejifunza miaka kumi kusikiliza mashine na kujua inaumwa wapi, ukamrudisha nyumbani na barua, ile hasara iko kwenye kitabu gani? Mwanae hakuirithi ile kazi. Chuo cha ufundi kilianza kutoa mafundi wakati milango waliyoandaliwa inafungwa. Mimi naona hapo ndo tulipoumia zaidi.

Na ndo maana Mbeya ni ngumu kuielezea kwa mtu wa nje. Huwa nasoma habari za miji ya wenzetu iliyopoteza viwanda, mfano Detroit kule Marekani, mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki nane, 2020 wamebaki kama laki sita na arobaini elfu. Watu walihama, nyumba zikabaki tupu, kila mtu anaona kwa macho kwamba kuna kitu kimeisha. Sisi ni kinyume. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 385,279, ya 2022 ikahesabu 541,603. Mji unapanda milimani, Mwanjelwa huwezi kupita siku ya Jumamosi, bodaboda, maduka ya simu, maparachichi yanapakiwa, viazi vya Mbeya vinaenda Dar. Kwa hiyo ukisema Mbeya ilipoteza kitu watu wanakushangaa, imepoteza nini mbona imejaa? Kilichoondoka kimezikwa na kelele za waliokuja. Kila mwaka Nanenane naenda viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, napita mabanda yote, matrekta mazuri, mashine za kumwagilia, nauliza tu "hii imetengenezwa wapi?" mpaka nyumbani wameshachoka kuongozana na mimi.

Reli ndo inaniliza. Mtu wa Mbeya akitaka kumwonyesha mgeni kitu cha kujivunia alikuwa anampeleka stesheni ya TAZARA. Lile jengo! Ukisimama kwenye ule ukumbi unajiona na wewe ni wa maana. Ilijengwa ili Zambia ipate njia ya shaba yake bila kupita kwa makaburu wa Afrika Kusini na Rhodesia ya Smith, ambayo leo ni Zimbabwe, maana yake mji wetu ulikuwa kwenye njia ya ukombozi wa watu wengine. Uwezo wake uliokusudiwa ni tani milioni mbili kwa mwaka, kufika 2015 ilikuwa inabeba chini ya laki moja. Malori yote haya yanayopanda Mlima Nyoka kwenda Tunduma ndo ule mzigo. Sasa Wachina wameingia mkataba wa kuifufua na mimi naomba sana ifufuke, kwa moyo wote, ila naomba na mafundi wake wawe vijana wa hapa, sio wa kufagia stesheni tu.

Kujivunia kwetu hakujafa, watu wasiseme hivo. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda ligi kuu na kumaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, mlikuwepo uwanja wa Sokoine? Nilimuona mama mtu mzima muuza ndizi kajifunga kitambaa cha zambarau kichwani analia goli limeingia. Ule upendo wa mji upo umejaa tu, tunausubiri mpira uutoe kwa sababu vitu vingine vya kuushikilia ni vichache.

Juzi basi nikarudi kwa yule dogo wa bajaji, namba yake ninayo, nikamwomba anipeleke kwa mzee mmoja alikuwa anafanya kazi na baba. Ana miaka themanini na kitu, anatengeneza mashine za kusaga nyuma ya nyumba yake. Tumemkuta ameiwekea mkono mashine ya mtu inayonguruma, kafumba macho. Nikasema shikamoo mzee, hakujibu kwanza, akasikiliza, akasema "beringi ya chini," ndo akafumbua macho, "marahaba mwanangu, karibuni." Wakaifungua, beringi ya chini kweli imeisha.

Dogo alikaa pale masaa mawili bajaji imezimwa, abiria wanampigia hapokei. Akamuuliza mzee mwishoni, "Babu, hii umejifunzia wapi?" Mzee akanyoosha kidole upande wa magodauni, akasema "Pale," akaendelea kufuta grisi mikononi. Dogo akageuka kuyaangalia yale mabati, akauliza kama bado kuna mtu anafundisha.

Mzee akamwambia aje Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, na asichelewe.