Tishio la kujitenga Langalanga huanza na tarehe

Timu za Langalanga (Formula 1) zikitishia kuondoka na kuanzisha ubingwa wao, mashabiki huanza kubishana kama zina ubavu huo. Kabla ya ubishi, tafuta tarehe moja: dirisha la usajili wa msimu ujao linafungwa lini? Timu ambayo haijasajiliwa haina deni la kushiriki, na chama kinachosimamia mbio hakina magari ya kuonyesha. Nguvu yote ya tishio imo katika siku hizo chache. Mwaka 2009, timu nane zilipotishia hivyo, siku hiyo ilikuwa 29 Mei.

Honda ilikuwa imejitoa Desemba 2008, na Max Mosley, wakati huo rais wa FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio hizo, alihofia kampuni nyingine za magari zingefuata. Machi 2009 FIA ikatangaza kikomo cha matumizi cha pauni milioni 30 kwa timu kwa mwaka. Kufikia mwisho wa Aprili kiasi hicho kilipandishwa hadi milioni 40, bila kuhesabu mishahara ya madereva, gharama za masoko, faini na, kwa mwaka wa kwanza, injini. Timu kubwa zilikuwa zikitumia mara kadhaa ya hapo.

Ila fedha pekee hazikuwasha moto. Kikomo kilikuwa cha hiari, na anayekikubali alizawadiwa uhuru wa kiufundi: mabawa yanayosogezwa gari likiwa mwendoni, injini isiyofungwa kwenye mizunguko 18,000 kwa dakika, na majaribio bila ukomo nje ya msimu. Maana yake ni kwamba magari mawili yangepanga mstari mmoja wa kuanzia yakiwa na sheria mbili tofauti. Injini iliyofungwa ikikutana na isiyofungwa kwenye njia ndefu iliyonyooka, dereva hana la kufanya. Hapo Mosley alikosea, na alikosea vibaya. Wazo la kubana matumizi lilikuwa sahihi, lakini alilifunga kwenye kanuni ambayo hakuna mhandisi mwenye akili timamu angeikubali.

Timu zilikuwa na umoja wao, FOTA, chini ya Luca di Montezemolo wa Ferrari. Ferrari ilikimbilia mahakamani Paris kuomba zuio, ikidai ilikuwa na haki ya kura ya turufu katika kanuni za kiufundi. Tarehe 20 Mei ikanyimwa. Kikabaki chombo kimoja tu: kusajili kwa masharti, kwa pamoja, ili FIA isiweze kumchomoa mmoja mmoja.

Hapo ndipo umoja wa namna hii hukatikia. Williams ilisajili bila masharti, kisha Force India ikafuata, na FOTA ikazisimamisha zote mbili. Wengi waliziita wasaliti. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki. Toyota au BMW ikikosa msimu mmoja, kiwanda kinaendelea kuuza magari. Williams haikuwa na kiwanda cha namna hiyo nyuma yake. Mbio ndiyo biashara yenyewe. Timu kama hiyo ikikosa mgao wa fedha za ubingwa na wadhamini kwa miezi sita, mishahara inasimama. Kwa hiyo ukitaka kupima umoja wa timu, usimwangalie anayepiga kelele zaidi. Mwangalie mwenye akiba ndogo kuliko wote.

Tarehe 12 Juni FIA ikatoa orodha ya timu 13 za mwaka 2010. Ferrari, Red Bull na Toro Rosso ziliwekwa humo kana kwamba hazikuweka sharti lolote, kwa hoja kwamba tayari zilifungwa na mikataba. McLaren, BMW Sauber, Renault, Toyota na Brawn zilipewa hadi 19 Juni kuondoa masharti yao. Usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya kikao kwenye makao ya Renault huko Enstone, timu hizo nane zikatangaza kwamba zingeandaa ubingwa wao. Ilikuwa wiki ya mbio za Silverstone, wanahabari wote wakiwa Uingereza. Muda haukuchaguliwa kwa bahati.

Je, wangeweza? Madereva na magari walikuwa nayo, injini pia: Ferrari ikiiuzia Toro Rosso, Mercedes ikiiuzia Brawn na McLaren, Renault ikiiuzia Red Bull. Viwanja navyo vilikuwepo. Montreal na Magny-Cours vilikuwa vimeachwa nje ya kalenda ya 2009, na Indianapolis haikuwa imeandaa Langalanga tangu 2007.

Ugumu ulikuwa kwenye vitu visivyoonekana kwenye runinga. Uwanja unaoendesha mbio za kiwango hicho huhitaji leseni ya daraja la kwanza, na mtoa leseni ni FIA. Waongozaji wa mbio, wapeperusha bendera, madaktari na waokoaji hutoka kwenye vyama vya kitaifa ambavyo ni wanachama wa FIA. Makubaliano na Tume ya Ulaya ya mwaka 2001 yaliitaka FIA ibaki msimamizi wa kanuni na usalama, isitumie cheo chake kuzuia mashindano mengine kwa sababu za kibiashara, lakini kupigania haki hiyo mahakamani huchukua miezi, na magari ya msimu mpya lazima yaanze kuchorwa katikati ya mwaka. Kuna pia haki za matangazo: FIA ilikuwa imezikodisha kwa miaka 100 kuanzia 2011, kwa hiyo jina la ubingwa na mikataba ya runinga visingetoka na timu. Wadhamini wangetakiwa kulipa bei ileile kwa kitu kisicho na jina.

Hili lilishajaribiwa. Tarehe 7 Februari 1981 timu za kundi la Bernie Ecclestone, aliyewaongoza wenye timu, ziliendesha mbio Kyalami, Afrika Kusini, nje ya ubingwa, magari yakivaa sketi za pembeni, yaani vizuizi vinavyoziba pengo kati ya gari na barabara, ambazo chama cha Jean-Marie Balestre (FISA, tawi la michezo la FIA) kilikuwa kimezipiga marufuku. Carlos Reutemann alishinda kwa Williams. Ferrari na Renault hazikuwepo, na pointi hazikuhesabiwa. Muda mfupi baadaye pande zote zikatia saini Mkataba wa Concorde, ulioanza kugawa fedha na mamlaka kwa maandishi.

Marekani walikwenda hadi mwisho. Mwaka 1996 Tony George, mwenye uwanja wa Indianapolis, aliendesha msimu wa kwanza wa IRL, ligi yake mwenyewe, na kutenga nafasi 25 kati ya 33 za Indy 500, mbio kuu za uwanja huo, kwa timu zake. Timu za CART, ligi iliyokuwepo kabla, zikaandaa mbio zao Michigan siku ileile, 26 Mei. Magari yakagongana hata kabla ya bendera ya kijani, na wengi wakaanza upya na magari ya akiba. Mwaka uliofuata IRL ikaleta injini za lita 4.0 zisizo na tabo (turbo), huku CART wakiendelea na za lita 2.65 zenye tabo, hivyo gari la upande mmoja halikuweza kuvuka kwenda wa pili. CART walikuwa na timu bora, lakini mdhamini alitaka Indy 500. Timu ya Penske ikahama 2002, CART ikafilisika 2003, na pande mbili ziliungana tena 2008 zikikuta NASCAR, ligi nyingine ya mbio za magari ya Marekani, imeshachukua watazamaji.

Nadhani wakuu wa Langalanga waliyajua haya yote. Tarehe 24 Juni 2009, siku tano tu baada ya tangazo la timu nane, wakapatana Paris: ubingwa mmoja, kikomo cha matumizi kimefutwa, Mosley hatagombea tena. Tarehe 1 Agosti ikatiwa saini Concorde mpya hadi 2012. BMW, mmoja wa wale nane, ilikuwa imetangaza kujitoa siku chache kabla; Toyota ikafuata Novemba.

Kuna waliolipia amani hiyo ambao hawakuwa mezani. Timu za Campos, Manor na US F1 zilikubaliwa Juni zikipiga hesabu za pauni milioni 40, na kabla hazijafunga boliti ya kwanza kikomo kikaondolewa. US F1 haikufika hata mbio moja. Campos iliuzwa na kuitwa HRT, ikafungwa mwisho wa 2012. Manor, baadaye ikiitwa Virgin na Marussia, ilipata pointi zake mbili za kwanza Monaco mwaka 2014, kwa mikono ya Jules Bianchi. Kikomo cha matumizi kilirudi 2021, dola milioni 145, cha lazima kwa wote. Kati ya timu hizo tatu, hakuna iliyokuwepo tena kukitumia.