Radhi ya Barazani

Ramadhani ya 1994 iliangukia Februari na Machi, na aliyewahi kukaa Tanga miezi hiyo analijua jua lake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ya miguu ilikaa barazani kwetu, Ngamiani, na kila lilipoingia kumi la mwisho nyumba nzima iligeuka kiwanda: kanzu za watoto zimetundikwa mpaka chumbani, nyuzi unazikuta hata kwenye uji wa futari. Nilikuwa na miaka 9. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini kwa sumaku na kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya Baba yalikuwa yameanza kuchoka na miwani aliionea haya. Wiki ile Mama alikuwa akimjibu Baba kwa mkato. Tulidhani ni joto na saumu.

Siku moja, baada ya alasiri, mteja aliacha arubuni ya shilingi 500 kwa kanzu tatu. Baba aliipokea huku pini zimemjaa mdomoni. Haikupita nusu saa akavuta droo ya cherehani, noti haimo. Akapekua vitambaa, akainama uvunguni mwa mashine, akakung'uta mfuko wa shati. Haimo.

Barazani tulikuwa wengi. Wazee wawili walikuwa kwenye bao lao, vijana wake wawili wa kazi wakipiga pasi, na mama mmoja alikuwa amekuja kuulizia gauni la bintiye. Baba hakumtazama yeyote kati ya hao. Alinitazama mimi, kisha mfuko wa kaptula yangu, uliotuna kwa gololi tano mpya.

"Hizi umezipata wapi?"

"Nimeshinda."

"Umemshinda nani?"

Nikakwama hapo. Sikuwa nimemshinda mtu. Nilizinunua dukani, na habari ya hela yake sikutaka ijulikane. Baba akaona ninavyobabaika, basi kwake kesi ikawa imekwisha. Akachukua yadi yake ya mbao, akanicharaza mapajani mbele ya wote, na kila pigo akilifuatishia neno moja: mwizi. Mzee mmoja akanyanyua uso kwenye bao. "Fundi, umefunga. Tuliza hasira." Hakusikia.

Maumivu ya miguu yalipoa baada ya siku mbili. Neno ndilo lililobaki. Chuoni watoto walinipa jina la Mia Tano, na ustadhi mwenyewe siku moja liliponyoka mdomoni mwake, akakohoa.

Siku ya sita mteja alikuja kuchukua kanzu zake. Moja ilimbana mabega, Baba akafungua daftari la vipimo kuhakikisha. Nilikuwa chini na sumaku yangu, hivyo niliona vizuri. Noti ilikuwa imelala katikati ya kurasa, juu kabisa ya vipimo vya yule bwana, bapa kama imepigwa pasi. Aliiweka mwenyewe. Akalifunga daftari, akamwambia mteja kanzu itatanuliwa, arudi kesho. Hakuniangalia. Nikajua yamekwisha, kwa sababu kwa watu wazima niliowafahamu, mambo ya namna ile huishia pale pale, kimya. Sana sana utaongezewa nyama kwenye futari.

Nyama sikuongezewa. Usiku, watu walipotoka tarawehe na mwuza kahawa akatua dele lake, Baba aliwaita vijana wake, waliokuwa wameanza kuondoka. Wazee wa bao walikuwapo tayari. (Yule mama wa gauni ndiye tu aliyekosekana, na kesho yake Baba alimfuata kwake. Hilo nilikuja kulisikia nikiwa na ndevu.) Akaniita, nikasimama mbele ya mashine, yeye akasimama pia.

"Siku ile nilimpiga mtoto huyu mbele yenu, nikamwita mwizi. Hela nimeiona, nilikuwa nimeitia kwenye daftari kwa mkono wangu. Mwizi hakuwepo hapa." Akanigeukia. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Mzee aliyemtuliza siku ile ndiye aliyepinga. "Ah, fundi! Mzazi hamwombi mtoto radhi. Utakuja kumharibu."

"Nilimpiga hapa hapa, mzee wangu. Nikamtake radhi uvunguni?"

Mwuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Wote walikuwa wakinisubiri mimi, na sikuwahi kumwona mtu mzima ana haja na jibu langu. "Haya," nikasema. Ndilo lililonijia.

Leo nami ni mzazi, na kila tukikaa wazazi kadhaa lazima uje ubishi wa kiboko. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 haikumnyang'anya mzazi haki ya kumrudi mwanawe, imemkataza tu kupita kiasi, kwa hiyo ubishi bado una nafasi. Mimi huwa sina cha kuongeza zaidi ya hili: yadi ile, pamoja na urefu wake wote, haikunitoa neno la kweli hata moja. Radhi ilinitoa usiku ule ule.

Baba alikuwa akitundika kanzu chumbani nilipomfuata. Nikasema haraka kabla sijaghairi. "Gololi sikushinda. Nilinunua."

"Kwa hela gani?"

"Sarafu mbili za ishirini. Kwenye kopo la sukari."

Akanyamaza. Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye yadi, iliyoegemea ukuta. Aliyaona, akaichukua, akaisukuma juu ya kabati.

"Kopo la nani?"

"La Mama."

"Basi mwenye hela yuko jikoni. Nenda."

Mama alikuwa akitayarisha daku. Nilirudia maneno yale yale, sauti ikizidi kunyauka. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Arobaini?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe wewe!" Akakaa kwenye kigoda. "Wiki nzima mimi nasema ni baba yako, na sigara zake za usiku."

Hukumu yake haikukawia: nazi zote za nyumba ile, mpaka Idi, nitazikuna mimi. Akanisogezea mbuzi pale pale, na kizio cha kwanza cha nazi. Nilikuwa nimeanza kukuna, nikichunga vidole na meno ya mbuzi, kivuli kilipoziba mwanga wa mlango. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Haya," akamwambia Mama, "na mimi ataniomba radhi nani?"